Nyuma ya Mgongo wa Nyota: Ubora Uliofunikwa wa Filamu ya The Wrestler (2008)

Katika mazungumzo ya watazamaji wa Afrika Mashariki, shujaa wa filamu huitwa steringi, na neno hilo limebeba uzito kuliko istilahi yetu ya darasani, mhusika mkuu. Steringi ndiye anayeimiliki filamu: husemwa filamu ya Kanumba, filamu ya Van Damme, na kila msikilizaji akaelewa. Mwongozaji, mwandishi wa muswada na mpigapicha hawaulizwi. Mazoea haya si ya vibanda vya video peke yake. Wahakiki wa magazeti makubwa na wapiga kura wa tuzo huyafuata vilevile, ila kwa lugha iliyopigwa pasi. Makala haya yanaichunguza filamu moja iliyopatwa na hali hiyo, The Wrestler ya mwaka 2008, ili kubainisha vipengele vya fani na maudhui ambavyo sifa za mwigizaji wake, Mickey Rourke, zimeviweka kivulini.

Filamu hiyo iliongozwa na Darren Aronofsky kutokana na muswada wa Robert Siegel. Bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 6, kiasi kidogo kwa viwango vya Marekani. Mnamo Septemba 2008 ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya Tamasha la Filamu la Venice, ambayo hutolewa kwa filamu nzima. Miezi michache baadaye mizani iligeuka. Rourke alipata tuzo za Golden Globe na BAFTA za mwigizaji bora wa kiume, na katika tuzo za Oscar filamu iliteuliwa katika vipengele viwili tu, vyote vya uigizaji: Rourke na Marisa Tomei. Uongozaji, muswada, upigaji picha na uhariri havikutajwa.

Sababu ya mgeuko huo haiko mbali. Rourke alivuma katika miaka ya 1980, akaacha uigizaji kwa kiasi kikubwa na kuingia katika ngumi za kulipwa kati ya 1991 na 1994, akaumizwa uso, kisha akarejea na kuambulia nafasi ndogondogo. Mhusika anayemwigiza, Randy Robinson, ni mcheza mieleka aliyevuma katika miaka hiyohiyo na ambaye sasa anapigana mwishoni mwa wiki katika kumbi ndogo za New Jersey. Ulinganifu huu ulikuwa mtamu mno kwa waandishi wa habari. Filamu ikasomwa kama wasifu wa mwigizaji, na kurejea kwake kukawa ndiyo habari yenyewe. Usomaji huo una ukweli ndani yake, kwani Rourke anaigiza kwa kiwango cha juu. Hata hivyo, una gharama. Humfanya mtazamaji aamini kwamba hakuna kilichosanifiwa. Kwamba mtu alisimamishwa mbele ya kamera, akaishi, na kamera ikapokea.

Kamera haikupokea tu. Mpigapicha alikuwa Maryse Alberti, mzaliwa wa Ufaransa aliyejijengea jina katika filamu za hali halisi. Alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa When We Were Kings (1996), inayohusu pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa mwaka 1974. The Wrestler aliipiga kwa mkanda wa milimita 16, kwa sehemu kubwa kamera ikiwa mkononi. Baada ya picha za mabango na vipande vya magazeti vya enzi za ushindi, tunamkuta Randy miaka ishirini baadaye, ameketi katika chumba cha darasa la watoto kinachotumika kama chumba cha kuvalia, ametupa mgongo. Kisha kwa dakika kadhaa tunamfuata kwa nyuma: nywele ndefu zilizotiwa rangi, koti, mwendo wa mtu anayeumwa viungo. Uso tunanyimwa. Hapa pana jambo la kushangaza ambalo wahakiki wengi wamelipita kwa haraka: filamu inayosemekana kuwa ni uso wa Rourke inaanza kwa kuuficha uso huo.

Mbinu hiyo ya kumfuata mhusika kwa nyuma inavuna matunda yake katikati ya filamu. Randy amepata mshtuko wa moyo, daktari amemkataza mieleka, na sasa anakwenda kuanza kazi katika kaunta ya vyakula vya supamaketi. Kamera inamfuata kupitia korido za stoo, akishuka ngazi, na katika sauti tunaanza kusikia umati ukishangilia, kama ule unaomlaki anapoelekea ulingoni. Kelele zinapanda hadi anapofika penye pazia la plastiki. Anasita. Anapita, na umati unakatika mara moja. Yuko mbele ya wateja wanaotaka saladi. Hakuna neno lililosemwa kuhusu fedheha wala kumbukumbu. Maana yote imebebwa na sauti, ukataji na mgongo wa mtu. Mwigizaji peke yake, hata awe hodari vipi, hawezi kuitoa maana hiyo.

Kwenye kaunta hiyo Randy anavaa beji iliyoandikwa Robin, jina lake halisi ambalo hataki kuitwa. Suala la majina linatupeleka kwenye muswada, na hasa kwa mhusika wa Tomei. Yeye ni mnenguaji katika klabu ya wanaume, hujiita Cassidy akiwa jukwaani na Pam akiwa nje, naye ni mama anayemlea mtoto wa kiume peke yake. Wateja vijana wanamkataa kwa sababu ya umri. Muswada unawaweka watu hawa wawili sambamba bila kututangazia: wote hulipwa kwa kuuonyesha mwili, wote miili yao inaelekea kukataliwa sokoni, wote wana majina mawili. Tofauti ni kwamba Pam anajua mpaka uko wapi kati ya jina la kazi na jina la nyumbani, na anaulinda. Ukiisoma filamu kama kisa cha Rourke, Pam hubaki kuwa mwanamke wa kumliwaza steringi. Ukiisoma kama utungo unaohusu kazi, yeye ndiye kipimo cha Randy.

Na kwa hakika ni filamu inayohusu kazi. Randy anamwomba meneja saa za ziada. Anafungiwa nje ya nyumba yake ya trela kwa sababu ya kodi. Analala ndani ya gari. Nyuma ya pazia la mieleka, wapinzani wanapanga mapigo yao kwa upole na kushukuriana, kama mafundi wanaogawana zamu. Mpinzani wake mkubwa, anayejiita Ayatollah na kupeperusha bendera ya Irani ili azomewe, nje ya ulingo ni mfanyabiashara wa magari mwenye adabu.

Kisa cha binti wa Randy, Stephanie, ndicho sehemu dhaifu. Maridhiano na mfarakano wake vinapita upesi mno, na mtazamaji huhisi mkono wa mwandishi.

Tukirudi kwenye lugha ya vibandani, wapo wanaoshikilia kwamba steringi hafi. Mwishoni Randy yuko ulingoni, moyo unamsumbua, na Ayatollah mwenyewe anamnong'oneza amalize pambano. Anatazama kule alikokuwa amesimama Pam, ambaye alikuwa ameacha zamu yake ili aje kumzuia. Pam hayupo. Anapanda juu ya kamba za kona, umati unapiga kelele, anaruka, na mwili wake unatoka nje ya fremu. Kamera haimfuati tena. Linabaki dari lenye taa, halafu giza.