Maoni ya Watafitiwa ni Ushahidi wa Nini?

Mwanachuo arudipo kutoka mazoezi ya kufundisha na daftari lililojaa maneno ya wazazi, huulizwa kwanza kama maneno hayo ni ya kweli. Twaona swali hilo limewahi mno. Yafaa kwanza tujue maoni hayo ni ushahidi wa jambo gani.

Tuchukue mfano wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako ukeketaji humgusa kila mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Sherehe zake hufanyika Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Shule zifunguliwapo, wako wasichana wasiorudi. Mzazi akiulizwa, aweza kujibu kwamba msagane, yaani msichana asiyekeketwa, hapati mume. Huenda kijijini humo wako wasagane walioolewa na wanaoheshimiwa. Je, jibu la mzazi litupwe? La. Likitumiwa kueleza hali ya ndoa kijijini ni hafifu. Likitumiwa kueleza hofu imwongozayo mzazi lina uzito mkubwa, kwani afanyapo uamuzi hafuati hesabu ya ndoa bali hofu yake.

Mambo hubadilika mhojiwa asimuliapo matendo yake mwenyewe. Tangu 1998 sheria yatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mlezi anayemkeketesha msichana aliye chini ya miaka 18. Nani atakiri mbele ya mgeni mwenye kalamu? Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16, asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamekeketwa. Mwaka 2022, asilimia 28. Huenda desturi imepungua, huenda kukiri ndiko kulikopungua, au yote mawili. Kaskazini mwa Ghana, ambako sheria ilipitishwa 1994, wanawake walewale walihojiwa 1995 na tena 2000: kama asilimia 13 walikana walichokubali awali. Kovu halikufutika, kilichobadilika ni usalama wa kulitaja.

Kwa hiyo hatuna budi kuandika, pamoja na jibu, mahali lilipotolewa, waliokuwapo na lugha iliyotumika. Barazani, mbele ya wazee, mtu husema neno la ukoo. Peke yake shambani, mama yuleyule aweza kusema jingine. Tusiharakishe kuliita la pili ndilo la kweli. Yote mawili ni yake, na tofauti yake ndiyo habari yenyewe. Aidha, Kikuria au Kingoreme kiandikwe kwanza kama kilivyosemwa, kisha kifasiriwe. Daftari la mahudhurio nalo lilinganishwe na masimulizi, ingawa (tuliotunza madaftari hayo twajua) nalo lina uongo wake.

Lincoln na Guba, katika kitabu chao cha 1985, walishauri mtafiti awarudie wasemaji na kuwaonyesha alivyowaelewa. Ushauri ni mwema, lakini katika jambo hili una hatari. Msichana aliyekimbilia nyumba salama ya Mugumu hutambulika kijijini kwao hata jina lake lisipoandikwa. Darasa lake na kazi ya babaye vyatosha. Arudiwe peke yake, mbali na jamaa. Na maelezo yanayoweza kumfichua yaondolewe kabla daftari halijapita mikononi mwa mtu mwingine, hata mikononi mwa mkufunzi.