Siku ya Kutoa Nyuzi: Kwa Nini Kovu Hutegemea Kalenda

Mtu aliyepasuliwa uvimbe wa mafuta begani, au aliyeshonwa baada ya shoka kuteleza na kumkata mguuni, huondoka hospitalini na maagizo mawili: asilowanishe kidonda, na arudi siku fulani kutolewa nyuzi. Agizo la kwanza hulishika. La pili aghalabu huliona kuwa ni la utaratibu tu. Hudhani kwamba nyuzi ndizo zinazoishikilia nyama, na kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo jeraha linavyozidi kuwa imara. Basi kuna hasara gani zikiachwa wiki moja zaidi, mpaka palizi imalizike?

Kwa mkazi wa Chemba swali hilo lina uzito wake. Wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ni pana na watu wake wametawanyika. Barabara kuu ya lami itokayo Dodoma kwenda Babati huipitia, lakini aishiye Kwa Mtoro au Farkwa, katika nchi ya Wasandawe, yuko mbali nayo, na wakati wa mvua mito ya mchanga inayokauka kiangazi hujaa na kufunga njia. Mtu huyo akiambiwa arudi baada ya siku saba, si ajabu akafika siku ya ishirini. Madhara ya kukawia kwake hayaonekani siku hiyo. Huonekana miezi kadhaa baadaye, kovu linapokuwa na mstari mmoja mrefu na vijistari vingi vinavyoukatiza, mfano wa reli na mataruma yake. Kovu la namna hiyo likiwa mgongoni, mwenyewe hulisahau. Likiwa shavuni mwa binti wa miaka kumi na tisa, ataulizwa habari zake maisha yake yote.

Ili kufahamu jinsi mataruma hayo yanavyotokea, yafaa kwanza tuitazame ngozi yenyewe. Ngozi ina matabaka mawili makuu. Tabaka la juu ni jembamba, na seli zake huzaliana na kubadilishwa daima. Tabaka la chini ni nene, limefumwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ndilo hasa hilo ambalo, likichunwa kwa ng'ombe na kulainishwa, hutupatia viatu na mikanda. Kisu kinapoikata ngozi, matabaka haya mawili hupona kwa mwendo usiofanana kabisa. Seli za tabaka la juu huanza kutambaa kutoka kingo zote mbili mara moja, nazo, kama kingo zimekutanishwa vizuri, huziba ufa katika muda wa saa 24 hadi 48. (Ndiyo sababu katazo la kulowanisha jeraha lililoshonwa vizuri lina nguvu zaidi katika siku mbili za kwanza.) Tabaka la chini huenda polepole. Seli zinazotengeneza kolajeni huingia kazini mnamo siku ya tatu hadi ya tano, hufanya kazi kwa bidii kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha kazi ya kuzipanga upya nyuzinyuzi hizo huendelea kwa mwaka mzima au zaidi.

Sasa, tundu la sindano nalo ni jeraha. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Seli zilezile zinazotambaa kuziba ufa mkubwa hutambaa pia kuteremka ndani ya kila tundu, zikifuata uzi, kana kwamba zinatafuta upande wa pili wa kukutana nao. Baada ya wiki moja hivi uzi huwa umepata kijineli chake, kilichotandazwa seli za ngozi kila upande. Uzi ukitolewa baada ya hapo, kijineli hubaki, na alama yake ni nukta isiyofutika. Pengine seli zilizonaswa humo huzaa kijipu kidogo. Tena kuna jambo la pili. Jeraha lolote huvimba katika siku mbili tatu za mwanzo, lakini uzi hautanuki. Uliokazwa mno huikandamiza ngozi iliyo chini yake hadi damu ikashindwa kupita vema, na hapo ndipo vile vijistari vya kukatiza vinapochorwa. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Marekani, George Crikelair, alichapisha uchunguzi wake juu ya alama za mishono, akaonyesha kwamba muda ambao uzi umekaa mwilini na jinsi ulivyokazwa ni mambo makubwa kuliko unene wa sindano au aina ya uzi. Nyuzi zilizotolewa ndani ya siku 7 hazikuacha mataruma. Zile zilizokaa siku 14 ziliacha.

Msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona zisitolewe siku ya pili? Jibu liko katika lile tabaka la mwendo wa polepole. Mwishoni mwa wiki ya kwanza, jeraha lililoshonwa, hata kama kwa macho limefunga kabisa, halijafikia sehemu moja ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima. Katika wiki ya tatu lina karibu sehemu moja ya tano. Baada ya miezi mitatu hufikia asilimia 80 hivi, na hapo husimama. Kovu halipati kamwe nguvu yote ya ngozi ya kuzaliwa nayo mtu. Kwa hiyo anayetoa nyuzi mapema mno huhatarisha jeraha kufunguka, nalo likifunguka hupona kwa kovu pana lililo baya kuliko mataruma. Mganga huchagua kati ya hasara mbili, na siku aliyoiandika kwenye kadi ndiyo hukumu yake.

Hukumu hiyo hutofautiana kwa sehemu za mwili, na si kwa kubahatisha. Uso una damu nyingi na ngozi yake haivutwi sana, hivyo nyuzi zake hutolewa kati ya siku ya 3 na ya 5 kwenye kope, na siku ya 5 au kidogo zaidi mahali pengine. Kichwani penye nywele na mikononi ni siku 7 hadi 10. Kiwiliwili huanzia siku 7 hadi 14 kwa kutegemea mahali na jinsi ngozi inavyovutwa. Miguuni, ambako damu hurudi kwa taabu, na juu ya viungo kama goti na kiwiko, ambavyo kila hatua au kila pigo la jembe huvikunja, ni siku 10 hadi 14. Nyayo zaweza kungoja hata zaidi. Mwelekeo wa jeraha nao una sauti. Mwaka 1861 Karl Langer wa Vienna alitoboa maiti kwa msumari wa mviringo, akaona kwamba matundu hayakubaki mviringo bali yalirefuka, kila eneo la mwili kwa upande wake. Kisu kinachofuata mistari hiyo huacha jeraha lisilovutwa, na lisilovutwa huruhusu nyuzi kutoka mapema. Bahati mbaya shoka halifuati mistari ya Langer.

Wapo wanaoamini kwamba elimu hii yote imeletwa na meli. Ushahidi wetu wenyewe unakataa. Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda, kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mganga alinawa mikono na kuliosha tumbo la mama kwa pombe ya ndizi. Alipomaliza, aliufunga ufa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, akavizungushia nyuzi za gome la mti, kisha akaupaka mchanganyiko wa mizizi iliyotafunwa. Felkin, ambaye habari zake zilichapishwa Edinburgh mwaka 1884, aliandika pia siku za kuvitoa. Siku ya tatu kilitolewa kijiti kimoja, siku ya tano vitatu, na siku ya sita vilivyosalia. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Mwanasayansi hawezi kusoma habari hiyo bila kustaajabu, kwa kuwa mganga yule hakutoa vyote kwa pamoja. Alipunguza mzigo hatua kwa hatua, akiliangalia jeraha linavyojibu. Na hivyo ndivyo wauguzi wanavyofundishwa mpaka leo, kutoa uzi mmoja na kuruka mmoja, na kuacha vingine siku moja au mbili pale wasipokuwa na hakika.

Siku tulizozitaja ni za mwili ulioshiba na wenye afya. Kisukari, tumbaku, usaha na uzee huchelewesha uponaji. Upungufu wa protini pia, na zaidi ya yote upungufu wa vitamini C, kwani bila hiyo mwili hauwezi kusokota kolajeni imara. Daktari mmoja wa Boston, John Crandon, alilithibitisha hilo mwilini mwake katika miaka ya 1939 na 1940 kwa kujinyima vyakula vyote vyenye vitamini hiyo. Baada ya miezi mitatu alichanjwa jeraha mgongoni, likapona kama kawaida. Baada ya miezi sita alichanjwa jingine; siku kumi baadaye juu lilikuwa limefunga, lakini ndani halikuwa limeshikamana hata kidogo. Mgonjwa wa Dodoma aliyeshonwa mwishoni mwa kiangazi, mboga zikiwa adimu, angefaidika akikumbuka kwamba mbuyu umesimama karibu na kwamba ubuyu una vitamini C kwa wingi.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, vitabu tulivyotumia vilitufundisha kutambua jeraha lenye uvimbe mbaya kwa wekundu wake. Katika ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi hivyo: ngozi huwa nyeusi zaidi au ya zambarau, hung'aa, nayo ni ya moto ikiguswa kwa mgongo wa mkono. Asiyejua haya huona jeraha zuri pale penye usaha. Weusi huohuo hubaki kandokando ya kila uzi uliokawia, kwa hiyo mataruma kwetu huonekana mara mbili, kwa umbo na kwa rangi.

Jambo lisilotibiwa na kalenda peke yake ni keloidi, lile kovu linalokua na kuvuka mipaka ya jeraha, hasa kifuani, mabegani, masikioni na tayani. Huwapata watu weusi mara nyingi zaidi, na hufuata ukoo. Nyuzi kukawia, usaha na mvuto huichochea, lakini hata aliyetolewa nyuzi siku yake huweza kuipata. Mwenye ndugu wa namna hiyo amwambie mganga kabla ya kisu. Kuikata tu bila tiba nyingine, kama sindano za dawa ndani ya kovu, mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Inafaa kukumbuka kwamba wachanja chale walilijua somo hili kwa upande wake wa pili: waliotaka alama idumu walitia majivu au dawa ndani ya jeraha ili lisipone kimya.

Je, mkazi wa Kwa Mtoro afanyeje? Kwa maoni yangu si lazima arudi alikoshonwa. Kutoa nyuzi ni kazi ya dakika chache kwa muuguzi wa zahanati mwenye mkasi na koleo safi: husafisha, huinua fundo, hukata uzi karibu kabisa na ngozi upande mmoja ili kipande kilichokaa nje kisipite ndani na uchafu wake, kisha huvuta kuelekea kwenye jeraha, si kinyume chake. Kinachohitajika ni karatasi aliyopewa mgonjwa iseme waziwazi mahali palipopasuliwa, idadi ya nyuzi na tarehe ya kuzitoa. Maneno "arudi baada ya wiki" hayamsaidii muuguzi asiyejua kama ndani kuna mshono mwingine. Tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 zimekuwapo nyuzi za kutengenezwa viwandani zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Mpasuaji akizitumia katika tabaka la chini, hizo ndizo huubeba mvuto, na nyuzi za juu zaweza kutoka mapema na mahali pake pakashikwa na plasta nyembamba kwa wiki chache. Pale inapojulikana tangu mwanzo kwamba mito itajaa na mgonjwa hatarudi, hata mshono wa juu waweza kushonwa kwa uzi wa kuyeyuka.