Uraia wa Asili (2): Babu Yupo, Cheti Hakipo

Wiki iliyopita tulisoma sheria ya Novemba 12, 2004: Mkongomani wa asili ni kila mtu wa jamii ambazo watu na ardhi yao vilikuwa Kongo siku ya uhuru. Sheria hiyo haikuulizi babu yako aliingia mwaka gani. Basi kwa nini mkazi wa Mutarule, hapa Bonde la Ruzizi, asubiri cheti cha uraia hadi azeeke?

Sababu ya kwanza ni tarehe zilizohamahama katika sheria za awali, na mashaka ziliyoyaacha. Katiba ya 1964 ilitaka babu wa kabila lililokuwapo kabla ya Oktoba 18, 1908. Mwaka 1972 watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950 wakatambuliwa kuwa raia. Juni 29, 1981 Bunge likarudi nyuma kabisa, hadi Agosti 1, 1885, na mwaka uliofuata vyeti vilivyotolewa kwa sheria ya 1972 vikafutwa. Nani kando ya Ruzizi ana karatasi ya 1885? Ushahidi ni vinywa vya wazee, na wazee wetu wengine wamefia ukimbizini. Tena hapa kuthibitisha asili ya mtu kuna hatari: usiku wa Juni 6, 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, watoto wakiwamo. Mahali ambapo swali la nani mwenyeji limechanganyika na mashamba, ng'ombe na bunduki, karani anayeambiwa athibitishe ukoo wa mtu huona usalama wake ni kuahirisha.

Sababu ya pili ni umbali. Cheti cha uraia husainiwa na waziri wa sheria, Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Na karatasi nyingine za kumsaidia mtu ni haba: sensa ya mwisho ni ya 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho. Kadi mpya za taifa zilizozinduliwa Juni 2023 zilikwama mwaka uliofuata, mkataba wa kuzitengeneza ulipovunjwa.

Ninachoshikilia ni hiki: uraia wa asili hauombwi. Mtu huzaliwa nao, cheti huthibitisha tu, na mwenye haki hapaswi kungojeshwa kama mwenye kuomba fadhila. Cheti hicho kitolewe Uvira, karibu na wanaoujua ukoo.

Kwa sasa, mama uliyejifungua, mwandikishe mtoto kwa ofisa wa hali ya kiraia ndani ya siku 90. Zikipita, itahitajika hukumu ya mahakama, na hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa.

Wiki ijayo: mtoto aliyezaliwa ukimbizini Burundi, mzazi wake mmoja akiwa Mkongomani.