Nani hupanga ujira wa mkata mkonge

Mkonge huvunwa kwa mkono. Mkataji huingia shambani alfajiri na kisu chake, akaondoa kwanza mwiba wa ncha, kisha akakata majani ya chini yaliyokomaa, akayafunga mafungu ya majani 30 na kuyabeba hadi kando ya njia. Kutoka hapo mzigo hupelekwa kwenye korona, mashine inayoparua jani na kubakiza singa. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na makapi, na vyote vimepita begani kwa mkataji. Ndiyo maana tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge Pwani ya Tanga mwaka 1893, suala kubwa la zao hili limekuwa ni nani atakata, na kwa ujira gani.

Wenyeji wengi wa Tanga walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuona faida ya kukata mkonge kwa fedha iliyotolewa. Katika soko la kawaida uhaba wa wafanyakazi hupandisha mishahara. Wenye mashamba walichagua njia nyingine: kutafuta watu mbali zaidi. Mwaka 1944 waliunda SILABU, ofisi moja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyosomba watu kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka. Walioletwa waliitwa manamba. Waajiri walipoandikisha watu kwa mlango mmoja, hapakuwa tena na shamba lililolazimika kuongeza senti ili kulishinda jirani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Java na Ufilipino zilipoangukia mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa lulu, na serikali ya kikoloni ikapeleka watu mashambani kwa lazima. Kwa hiyo ule uliosemwa kuwa wingi wa vibarua wa bei rahisi ulitengenezwa kwa sheria na kwa mapatano ya waajiri.

Ndani ya shamba, kilichotawala maisha kilikuwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mfanyakazi hakupata mshahara mpaka kadi ijae. Siku moja ya kipande ilipimwa kwa mafungu yaliyokatwa, si kwa saa; mafungu yasipotimia, mnyapara hakutia alama, na jasho la siku hiyo likapotea bure. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wenyewe. Mwajiri aliweza kuacha shilingi za mshahara palepale na kuongeza mafungu, na ujira ukashuka bila kutangazwa. Posho ya unga na chumba cha kambini vilihesabiwa pia kuwa sehemu ya malipo, na aliyefukuzwa kazi alipoteza paa siku hiyohiyo.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Chama cha wafanyakazi wa mkonge kilifuata miaka michache baadaye, na mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wa kambini, waliotoka makabila mengi, wangeweza kusimama pamoja. Baada ya uhuru, bodi iliyoongozwa na Chesworth ilipendekeza kima cha chini cha mshahara, kikaanza kutumika mwaka 1963.

Kima hicho kilipoanza, waajiri walipunguza watu. Mashamba yaliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya laki moja yalianza kubaki na wachache, wa kudumu, wanaolipwa vizuri zaidi na kukata zaidi kwa siku. Hata hivyo uzalishaji haukuanguka: mwaka 1964 ulifikia kilele cha takriban tani 230,000. Wanaosema kima cha chini kiliua ajira wana sehemu ya ukweli, ila wanasahau kwamba mashamba yalijaza watu kwa sababu kupoteza siku ya kibarua hakukumgharimu mwenye shamba chochote cha maana. Pigo kubwa lilitokana na kamba za plastiki, zilizoporomosha bei ya singa duniani baada ya hapo.

Wakati huohuo sauti ya wafanyakazi kwenye meza ya majadiliano ilinyamazishwa. Sheria ya mwaka 1962 ilibana migomo. Mwaka 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha mkonge, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vilivunjwa na kuundwa kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi. Mshahara ukawa jambo la kutangaziwa. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilirudisha haki ya kujadiliana kwa pamoja na ya kugoma baada ya usuluhishi wa siku 30 kushindikana. Kima cha chini cha kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi mwaka 2013, na kuanzia Januari 2023 kikawa 140,000, kama shilingi 5,400 kwa siku ya kazi. Amri ya mwaka 2025 ikapandisha tena viwango vya sekta binafsi. Viwango hivi huandikwa kwa mwezi, lakini mkataji bado hulipwa kwa alichokata, hivyo ukubwa wa kipimo unabaki na uzito uleule uliokuwa nao enzi za kipande. Amri ya mshahara isiyotaja kipimo inamlinda nusu tu.

Ugumu umeongezeka kwa kuwa mwajiri amebadilika. Huko Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, mashamba ya zamani yamegawiwa wakulima wadogo walio katika vyama vya ushirika. Mkulima mwenye hekta chache huajiri wakataji wawili watatu kwa msimu, kwa makubaliano ya mdomo, na mwenyewe husubiri korona imlipe. Kisheria kima cha chini kinamhusu kama kilivyomhusu mwenye shamba kubwa. Lakini chama cha wafanyakazi wa mashambani hakina mtu mmoja wa kukaa naye mezani, na afisa kazi hana orodha ya majina ya kukagua. Ushirika, unaojua ni mzigo gani umetoka shamba lipi, ndicho chombo pekee kilicho karibu vya kutosha kusaini mkataba wa pamoja wa ujira na kipimo kwa niaba ya wakulima wake.