Uchovu wa Kiti

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa tofauti ya sekunde 0.03. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Simbu ni mzaliwa wa Mampando, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Wengi wetu tulizitazama zile mita mia za mwisho tukasahau kwamba wakimbiaji wa marathoni hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, mwendo ambao mtu anaweza kuuendea huku anapiga soga.

Ninalitaja hilo kwa sababu wanaonilalamikia uchovu si wanariadha. Ni karani aliyekaa ofisini tangu saa mbili asubuhi, ni mwalimu mwenye rundo la madaftari, ni dereva wa bodaboda, ni mama wa duka la mafuta ya alizeti. Wote husema neno moja: nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuongea na wanangu, hayo mazoezi nitayafanya saa ngapi?

Jibu liko ndani ya misuli. Kila chembe ya msuli ina vijinu vidogo viitwavyo mitokondria, na humo ndimo chakula na oksijeni vinapogeuzwa kuwa nguvu. Msuli usiotumika hupunguza vijinu hivyo. Ukitumika mara kwa mara kwa wiki kadhaa, huviongeza, mishipa midogo ya damu huchipua kuuzunguka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Fikiria malori yanayopanda mlima Sekenke kule Iramba: mzigo ni uleule, lakini lenye injini ndogo hufika juu limechemka. Kazi zako hazitapungua mwezi ujao. Kinachoweza kukua ni injini.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha utafiti wa vijana 36 wasiofanya mazoezi waliolalamikia uchovu wa kila siku. Baadhi yao waliendesha baiskeli ya ndani kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Walioendesha walijisikia na nguvu zaidi kwa asilimia 20 hivi. La kushangaza ni kwamba waliokwenda polepole ndio waliopungukiwa zaidi na uchovu, kwa asilimia 65, ilhali waliokazana kidogo walipungukiwa kwa asilimia 49. Kundi lilikuwa dogo, lakini matokeo hayo yanafanana na ninayoyaona kwa hao wanaonilalamikia.

Kwa hiyo usianze kwa kujitesa. Wanaovunjika moyo mapema ni wale wanaojiunga na kikundi cha jogging Jumamosi, wakakimbia kama wanafukuzwa, kisha wakashindwa kushuka ngazi hadi Jumatano. Tembea kwa haraka kidogo kando ya Ziwa Singidani kabla jua halijawa kali. Ukizoea, nenda ule mwendo wa mchakamchaka wa shule ya msingi, tulipokuwa tukiitikia wimbo bila kukata pumzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki, na tangu mwaka 2020 limeondoa sharti la kila kipande kufika dakika kumi. Dakika saba za kwenda sokoni kwa miguu zinahesabika. Siku mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli: simama na kukaa kitini mara kadhaa bila kushika kitu, au piga pushapu ukiegemea ukuta. Usingizi nao usiibiwe. Chai ya rangi ya saa tatu usiku huwakeshesha wengi.

Lakini ushauri huu haumhusu kila aliyechoka. Mama wa Mkalama aliyeshinda na jembe shambani, akateka maji na kubeba kuni, amekwisha kufanya mazoezi kupita kiasi. Anachohitaji ni chakula cha kutosha na mtu wa kumpokea mzigo. Na yeyote ambaye moyo humwenda mbio akitembea hatua chache, anayesikia kizunguzungu, mwenye viganja vilivyopauka au maumivu ya kifua, asivae raba kwanza. Aende zahanati apimwe damu, presha na sukari.