Dola 25 kwa Saa: Hesabu Ambayo Haijaisha

Ukitaka kulinyamazisha darasa letu mwalimu akiwa hayupo, sema tu kwamba Australia mtu hulipwa karibu dola 25 kwa saa kuchuma matunda. Papo hapo kalamu zinatoka. Katika mwaka wa 2025 dola yao moja ilikuwa kama shilingi 84, kwa hivyo saa moja ni shilingi elfu mbili na ushei. Saa nane je? Elfu kumi na sita! Kuna mwenzetu mmoja ambaye hujenga nyumba ya mawe kabla kengele ya saa nne haijalia.

Ajabu ni kwamba mshahara huo ni wa kweli. Mnamo Julai 2025 kima cha chini kule kiliwekwa dola 24.95 kwa saa. Kibarua asiye wa kudumu huongezewa asilimia 25, ikawa kama dola 31. Lakini nyongeza hiyo ni ya kufidia alichonyimwa: hana likizo ya malipo, na akiugua halipwi. Mvua ikinyesha hakuna kuchuma, na asiyechuma hana chake. Kitanda nacho kinalipiwa, mvua au jua.

Hebu sasa tupige hesabu kwa dola, maana anayelipwa kwa dola hula kwa dola. Tuseme kijana amepata saa 30 kwa wiki katika mashamba ya Bundaberg au Mildura. Hizo ni dola 930. Vijana wa kigeni wenye viza ya likizo na kazi hukatwa kodi ya asilimia 15 kuanzia dola ya kwanza, kwa hivyo anabaki na kama 790. Kitanda cha hosteli, chumba kimoja na watu sita wanaokoroma, tukikadirie dola 220. Chakula 120. Gari la kumpeleka shambani 60. Mfukoni zinabaki 390. Si haba.

Wiki ya pili mvua inanyesha na anapata saa 12 tu. Hizo ni dola 372, na baada ya kodi 316. Kitanda na chakula peke yake ni 340. Amefanya kazi na bado ana deni! Mimi naona ni heri kupima bei kwa saa za jasho kuliko kwa shilingi. Kitanda kile humla zaidi ya saa nane za kuinama kila wiki, yaani siku nzima ya kazi.

Tena si wote waliokuwa wakilipwa kwa saa. Wengi walilipwa kwa ndoo au kwa sanduku, kama wachumaji wa majani chai kule Kericho wanavyolipwa kwa kilo. Mwepesi wa mikono alifaidi, mgeni wa kazi akaambulia vidola vichache. Ni tangu tarehe 28 Aprili 2022 ambapo sheria ilitaka hata anayelipwa kwa kipimo asipate chini ya kiwango cha saa.

Mtu atauliza, mbona hawakuwa wakiondoka? Jibu ni siku 88. Viza hii ilianza mwaka wa 1975, na tangu 2005 anayetaka mwaka wa pili hutakiwa kwanza afanye kazi siku 88 sehemu za mashambani. (Waingereza walisamehewa sharti hilo Julai 2024.) Kijana aliyefikisha siku ya 70 atavumilia mengi, na mwenye shamba analijua hilo vizuri.

Halafu kuna akiba ya uzeeni, kama NSSF yetu. Mwajiri huweka asilimia 12 juu ya mshahara. Msafiri akirudi kwao anaweza kuidai, ila serikali hukata asilimia 65. Katika kila dola 100 anaondoka na 35.

Nimeyaandika haya kwa sababu muhula uliopita wakala fulani alipita mtaani kwetu akiuza fomu za "kazi ya matunda Australia", na mama mmoja jirani yetu akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake. Viza hiyo humtaka mwombaji aonyeshe akiba ya dola 5,000, yaani kama shilingi 420,000, mbali na nauli ya ndege. Jambo zito zaidi ni kwamba hutolewa kwa nchi zilizopatana na Australia, na katika orodha yao hakuna Kenya. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Wakala akija kwenu, mwulize jina kamili la viza anayoiuza, na akuonyeshe pasipoti ya Kenya imetajwa wapi. Mwulize kabla ng'ombe hajatoka zizini.