Tembo wanne wa Msasani

Mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar, meli iitwayo Chinsura ilitia nanga kwenye ghuba ya Msasani ikiwa na tembo wanne kutoka India. Leo Msasani ni mahali pa samaki, boti na majumba ya wenye nazo. Wakati ule ilikuwa pwani ya wavuvi, kaskazini kidogo ya mji mchanga wa Dar es Salaam, na meli kubwa haikuweza kusogea ufukweni. Wanyama wale walishushwa majini, wakaogelea wenyewe hadi nchi kavu.

Wala hilo si la kushangaza. Tembo ni muogeleaji hodari: mwili wake huelea, miguu yote minne hupiga maji, na mkonga huuinua juu apate pumzi hata kichwa kikizama. Majina ya wale wanne tunayajua: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla.

Aliyewaleta ni Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na msafara uliongozwa na Mwairishi Frederick Carter. Shabaha ilikuwa kuwapata wabebaji wengine badala ya wapagazi. Njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilitembea juu ya mabega ya watu. Kila mpagazi alibeba yapata frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, miezi kwa miezi. Si kwamba wenyeji hawakujua kumpakia mnyama mizigo. Aliyewazuia ni mbung'o.

Mdudu huyu anastahili kutazamwa kwa makini. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea buu moja tumboni, akalinyonyesha maziwa humo humo, kisha huzaa buu lililokwisha kua ambalo hujichimbia udongoni papo hapo. Damu anayoinyonya huweza kuwa na vimelea vya tripanosoma, naye huvihamishia kwa mnyama mwingine atakayemuuma. Wanyama wa porini huishi navyo bila shida kubwa. Ng'ombe na farasi hukonda, huishiwa damu, hufa. Mpelelezi David Livingstone alishusha ngamia, nyati wa India, nyumbu wa kufugwa na punda kwenye pwani ya kusini mwaka 1866 akitafuta mnyama wa mizigo atakayestahimili mbung'o, na mifugo yake ikamalizikia njiani.

Je, tembo angestahimili? Wale wanne waliumwa na mbung'o tangu mwanzo wa safari, wakaendelea kutembea na mizigo hadi Mpwapwa. Wazungu walishangilia, wakaona mtihani umepita. Lakini baada ya hapo wanyama walianza kufa, na aliyefika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ni mmoja tu, Pulmalla. Naye hakuishi sana huko. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Pimbwe, katika vita vya zama za mtemi Mirambo wa Unyamwezi.

Ukimjua tembo, mwisho huo hauwi fumbo. Mnyama huyu hula hadi kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu ya chakula hicho. Ndiyo maana anahitaji saa nyingi za kula, mchana na usiku. Kazini kwao India, jioni hufunguliwa akajitafutie malisho msituni anakoujua kila mti. Kumtwika mizigo mizito jua kutwa katika nchi asiyoizoea ni kumnyima muda wa kushiba, na mimi naamini hilo liliwaumiza kuliko mbung'o. Isitoshe, tembo hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu yake kwa masikio, na ya tembo wa India ni madogo kando ya yale mapana ya tembo wetu.

Tofauti nyingine utaziona ukisimama karibu. Wa India ana mgongo uliobinuka juu na nundu mbili kwenye paji, na jike wake kwa kawaida hana pembe za kuonekana. Ncha ya mkonga wake ina kidole kimoja, wetu ana viwili. Wetu hubana tunda dogo kati ya vidole hivyo, yule hulizungushia mkonga na kulikumbatia. Tembo wa hapa unaweza kuwakuta hata leo Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, hifadhi pekee ya taifa Tanzania Bara ambako pori linakutana na Bahari ya Hindi.

Leopold hakukata tamaa. Kuanzia mwaka 1899 watu wake waliwakamata tembo wachanga wa Kiafrika katika misitu ya Uele, kaskazini mashariki ya Kongo, na kituo cha mwisho cha mafunzo kikajengwa Gangala-na-Bodio, pembeni mwa mbuga ya Garamba. Huko tembo wetu, ambaye wengi walidai hafugiki, alivuta mikokoteni na kulima mashamba kwa jembe.